Deni la Debe, Bakuli la Mtoto

Katika shule nyingi za msingi za kutwa hapa Tanzania, mgogoro wa chakula cha mchana hauonekani kwenye mkutano wa wazazi. Unaonekana saa sita na nusu, kengele ikishagongwa, watoto wamepanga foleni na mabakuli yao mbele ya jiko, na mwalimu wa zamu amesimama kando ya sufuria akiwa na daftari. Anaita majina. Waliochangia wanapita. Wengine wanaambiwa wasubiri "tuone kama kitabaki", na mara nyingi hakibaki, au unabaki ukoko. Wapo wanaokwenda kukaa nyuma ya darasa mpaka kipindi cha mchana kianze. Wapo wanaoondoka kabisa, na ukifungua rejista ya mahudhurio utakuta kesho yake hawakurudi.

Makala haya nimewaandikia watu watatu: mjumbe wa kamati ya shule, mwalimu mkuu anayebanwa na kila upande, na mzazi ambaye mwezi huu hana. Ninachotaka kuwaeleza ni kwamba michango ya chakula inaweza kukusanywa, tena kwa ukali unaostahili, bila mtoto hata mmoja kukosa bakuli lake. Kinachotakiwa ni utaratibu. Huruma peke yake huchoka ifikapo Machi.

Kwanza tuondoe utata wa "elimu bure". Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada, kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne. Lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016, ulioeleza nani abebe nini, uliacha chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi, pamoja na sare na madaftari. Ndiyo maana mzazi anaweza kusimama mkutanoni akasema serikali imefuta kila kitu, na mwalimu mkuu akamjibu kwamba chakula hakimo, na wote wawili wakaondoka wakiamini wamesema kweli. Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, akaagiza walimu wasishike fedha za wazazi, na mwenye nia ya kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kisha mwongozo wa kitaifa wa 2020 kuhusu chakula na lishe kwa wanafunzi ukaliweka jambo lenyewe kwa jamii: wazazi, kamati ya shule na serikali ya kijiji wakae wapange. Kwa hiyo msisubiri mtu atoke Dodoma kuwapangia. Mtakachokipitisha nyinyi ndicho kitakachoamua mtoto asiye na kitu atendewe vipi.

Hofu kubwa ya kamati naijua: tukiwalisha wasiochangia, waliochangia nao wataacha. Hofu hiyo ina dawa, nayo ni hesabu iliyopigwa mbele ya watu. Chukueni kipimo ambacho mpango wa chakula shuleni wa Kenya umekitumia kwa miaka mingi, gramu 150 za nafaka na gramu 40 za mikunde kwa mtoto mmoja kwa siku. Mwaka wetu wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja basi anahitaji mahindi kilo 29 na maharage kama kilo 8 ili ale makande mwaka mzima. Shule ya watoto 400 inahitaji mahindi magunia 116 hivi ya kilo mia mia. Sasa tuseme watoto 40 kati yao wanatoka kaya zisizoweza kutoa chochote. Fungu lao likigawanywa kwa wale 360 waliobaki, kila mmoja anaongezewa mahindi kilo tatu na robo na maharage yasiyofika kilo moja. Hayo ni ya mwaka mzima, si ya mwezi.

Nimeona mikutano ikigeuka pale hesabu hiyo ilipoandikwa ubaoni. Mtu anayekataa "kulea watoto wa wengine" huwa hajawahi kuambiwa kwamba anachokatalia ni sado moja ya mahindi. Kiwango cha mchango kipangwe kikiwa tayari kimebeba fungu hilo tangu siku ya kwanza. Likitengwa kama msaada wa kuombwa baadaye, stoo ikianza kupungua mwezi wa nne, hao 40 ndio watakaotolewa kwanza.

Kama shule ina shamba, mambo yanakuwa mepesi zaidi. Watoto 40 wanahitaji mahindi yasiyofika magunia 12. Shamba la shule lilikusudiwa liwe darasa na ghala kwa pamoja tangu enzi ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, lakini siku hizi mavuno yake mara nyingi huuzwa kununulia vitu vya ofisi. Rai yangu ni kwamba magunia ya kwanza yaingie stoo, kwa jina la watoto ambao wazazi wao hawana, na kinachobaki ndicho kiuzwe.

Msisahau kwamba mahindi hayajipiki. Kuna mpishi wa kulipwa, kuni, chumvi, mafuta, na usafiri wa kutoa mzigo kijijini au sokoni. Hii sehemu ya fedha taslimu ndiyo inayowaangusha wakulima wengi. Mtu ana debe nyumbani, ila hana shilingi elfu mbili ya mpishi, na kwenye daftari anaandikwa "hajachangia". Tenganisheni safu mbili daftarini, ya nafaka na ya fedha. Aliyeleta nafaka ahesabiwe ameleta nafaka.

Kama kuna jambo moja ningeomba kila kamati ilibadilishe mwaka huu, ni tarehe ya kukusanya. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Iringa, Njombe, Ruvuma na Rukwa, mahindi huvunwa kati ya Mei na Julai. Shule nyingi hudai mchango Januari, shule zikifunguliwa. Januari mkulima huyo anapalilia shamba huku ghala likielekea kwisha, na bei ya mahindi sokoni imepanda, na ametoka kununua sare, viatu na madaftari. Ukimdai debe wakati huo, unamdai auze mbuzi. Mdai debe hilo hilo Julai, liko uani. Chakula cha muhula wa kwanza kinapaswa kukusanywa Julai na Agosti ya mwaka uliotangulia. Wenye masika na vuli, kama Kilimanjaro na Kagera, wanaweza kugawa mara mbili. Idadi ya "wasioweza" itapungua kwa mabadiliko hayo tu, kwa sababu wengi wao wanaweza kabisa, ila si Januari.

Kuhifadhi kwa miezi kunadai uangalifu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na stoo ya shule yenye unyevu ni mahali pazuri pa kuipalilia. Mahindi yapokelewe yakiwa makavu kweli, yamechambuliwa, yawekwe juu ya chaga mbali na ukuta, na kama fedha za shule zinaruhusu mnunue mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa. Aliyeleta yenye ukungu ayarudishe, awe tajiri au maskini, lakini aambiwe faragha. Na mpime kwa mizani. Debe la mlundo kwa mmoja na debe la kufuta kwa mwingine ni ugomvi mnaoutafuta wenyewe, kama tulivyoona kwa wakulima na lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo.

Sasa turudi kwenye foleni. Daftari la michango halipaswi kufika jikoni. Mpishi anahitaji kujua kitu kimoja asubuhi: leo wamekuja wangapi. Idadi hiyo inatoka kwenye rejista za mahudhurio, kila mwalimu wa darasa anapeleka namba yake saa tatu, mwalimu wa chakula anajumlisha, stoo inatoa kilo za kuwatosha, basi. Aliyepo shuleni anakula. Kwa utaratibu huo hakuna mtu mlangoni mwenye sababu ya kuuliza jina la mtoto. Faida ya pili ni kwamba kilo zinazotoka stoo zinaweza kulinganishwa na watoto waliohudhuria, na wizi unajulikana mapema. Kwa kulinganisha na daftari la michango hamtajua lolote.

Epukeni alama za kila aina. Nazungumzia tiketi za rangi mbili, foleni ya pili, bakuli la uji kwa mmoja na makande kwa mwingine, kusomwa majina mstarini asubuhi, kiranja kukabidhiwa orodha. Hata kumpa mtoto kazi ya kuosha masufuria kwa sababu mama yake hajaleta maharage ni alama, tena mbaya. Tusidhani ni matatizo ya nchi maskini. Marekani, ambako chakula cha shule kina sheria yake tangu 1946, baadhi ya shule ziliwagonga watoto mihuri mikononi kuwakumbusha wazazi walipe, na jimbo la New Mexico likalazimika kutunga sheria mwaka 2017 kukataza mihuri hiyo na kazi za adhabu, na kuelekeza kwamba deni lizungumzwe na mzazi.

Mjini hali ni tofauti kidogo. Mzazi wa Dar es Salaam au Mwanza hana debe la mahindi. Ana kipato cha siku, na mchango wa mwezi mzima kwa mkupuo unamshinda hata kama jumla yake anaimudu. Suluhisho linalokuja haraka ni mtoto alipe kila siku akija na sarafu yake, na hapo foleni ya mlangoni inarudi kwa jina jingine. Nairobi wamepata njia. Shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012, linaendesha majiko makubwa ya mpango wa Dishi na County ulioanza 2023. Mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo, gharama iliyobaki inabebwa na kaunti na wadau. Malipo yanapitia kwenye simu, kwa wakati wa mzazi, na mtoto anavaa bangili anayoigusisha kwenye kifaa anapochukua chakula. Kila mtoto anagusisha bangili ya aina ile ile.

Shule yenu haina vifaa hivyo, najua. Kinachoweza kuigwa bila kifaa chochote ni kwamba fedha zisipite mikononi mwa mtoto. Tafuteni lipa namba ya akaunti ya shule, mruhusu mzazi aweke mia tano leo na elfu mbili Ijumaa, na mtunza hesabu wa kamati amtumie taarifa ya salio lake kila mwisho wa mwezi. Kuhusu kiwango, Rwanda inatufundisha jambo: tangu Septemba 2022 mzazi wa shule ya msingi ya serikali hutozwa faranga 975 kwa muhula, na serikali ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama. Sisi hatujafika huko, na mpaka tufike kamati inabeba mzigo usio wake. Hilo lisemwe kwa mbunge na diwani kila wanapokuja kupiga picha na watoto.

Nani ajue mtoto gani hajachangiwa? Watu wachache iwezekanavyo. Mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mjumbe mmoja wa kamati wanatosha, na mjumbe huyo awe mtu anayejua kutunza siri. Orodha ya kaya maskini za TASAF ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa majina yake yalishapitishwa na mkutano wa kijiji. Ila isiwe mwisho. Kuna baba aliyekuwa na pikipiki mwezi wa tatu na mwezi wa sita yuko hospitali kavunjika mguu. Kuna bibi anayelea wajukuu watano, na kwenye orodha kaandikwa mmoja. Mwalimu wa darasa huwajua hawa kabla ya mtendaji wa kijiji. Msamaha utolewe kwa muhula, upitiwe upya, na usiandikwe popote mtoto anapoweza kuusoma.

Kuna pia suala dogo ambalo kamati hulisahau: bakuli. Shule nyingi humtaka mtoto aje na lake. Wapo wasio nalo, na huishia kusubiri mwenzao amalize ndipo waazime. Nunueni mabakuli kumi na vijiko kumi vya ziada, vikae jikoni, avichukue yeyote aliyesahau au asiye navyo. Hamtaulizwa na mtu kwa nini.

Kuchangia kwa nguvu ni njia nzuri ikifanywa kwa heshima. Mzigo wa kuni, zamu ya kupika, kuchota maji, kutengeneza chaga za stoo. Vyote vina thamani, na mkutano uipange mapema: mizigo mingapi ya kuni ni sawa na debe moja. Sharti langu ni kwamba njia hiyo iwe wazi kwa wazazi wote. Fundi mwenye uwezo akitaka kujenga jiko banifu badala ya kuleta mahindi, aruhusiwe. Ikiwa ni ya maskini tu, kila anayeonekana na mzigo wa kuni atajulikana hana, na wengi wataona afadhali wadaiwe. Na kazi ni ya mzazi. Mtoto asitoroshwe kipindi kwenda kuokota kuni za kulipia chakula chake.

Nimemwacha kwa makusudi mzazi anayeweza na hataki. Yupo kila kijiji, na ndiye huyo anayewafanya watu wema waseme "basi na mimi sitoi". Huyu adaiwe, tena adaiwe sawasawa. Mwenyekiti wa kitongoji amfuate nyumbani, kisha aitwe na serikali ya kijiji. Kama kijiji kina sheria ndogo iliyopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri, itumike. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto wake chakula, na haitaji shuleni au nyumbani. Haya yote yanafanyika kati ya watu wazima, mtoto akiwa anaendelea kula. Kuna watakaosema bila kumnyima mtoto mzazi hashtuki. Nawauliza: mzazi ambaye hashtushwi na njaa ya mwanawe, ni nani anayeumia mnapomnyima mtoto?

Lakini kabla ya kumwita mtu sugu, chunguzeni kama anakataa kwa sababu hana imani nanyi. Wengi wanakataa kwa hilo. Walichanga mwaka juzi, makande yakapikwa miezi miwili, kisha jiko likazima bila maelezo. Wekeni ubao nje ya ofisi na kila mwisho wa mwezi mwandike kilo zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na fedha vilevile. Ufunguo wa stoo uwe na watu wawili. Kila anayeleta apewe risiti, hata aliyeleta nusu debe. Mzazi mmoja au wawili waalikwe bila taarifa kuja kuonja chakula siku yoyote. Ubao huo utawakusanyia mahindi mengi kuliko barua kumi za vitisho.

Na wewe mzazi ambaye huna. Nenda mapema, kabla hujafuatwa. Usimtume mtoto, na usimfundishe kusema "mama kasafiri". Nenda asubuhi au jioni, mwalimu mkuu akiwa peke yake, umwambie wazi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa mwanafunzi wako wa darasa la tatu. Mchango wa chakula muhula huu sina, mume wangu anaumwa tangu mwezi wa pili. Naweza kuleta maharage kilo mbili sasa, na debe nitaleta tukivuna. Naomba mwanangu asizuiwe kula." Taja unachoweza, hata kiwe kidogo, na taja lini. Ukipewa muda, tunza ahadi. Ukishindwa tena, rudi useme. Walimu wengi niliowahi kuongea nao wanasema kinachowaudhi ni ukimya.

Nyumbani mweleze mtoto kwa maneno machache kwamba umeshaongea na mwalimu na yeye apange foleni kama wenzake. Asipoambiwa, atajitoa mwenyewe. Watoto wa darasa la nne kwenda juu hujitoa kimya kimya hata pale ambapo hakuna aliyewakataza, na utajua anaporudi jioni akisema hakuwa na njaa.

Ikiwa umeshaongea na mwalimu, na mwanao bado anarudishwa mlangoni, usiende kugombana jikoni. Mpishi hana mamlaka. Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, eleza tarehe na kilichotokea, baki na nakala. Kama hakuna jibu, peleka nakala kwa afisa elimu kata, na baada yake kwa afisa elimu msingi wa halmashauri. Wasiojua kuandika wamwombe mjumbe wa shina au mtu wanayemwamini. Barua yenye tarehe hujibiwa; malalamiko ya kisimani hayajibiwi.

Kwa kamati, kikao cha kuyafanyia kazi haya ni kile cha Juni, kabla shule hazijafungwa. Ajenda mbili zipitishwe kwanza: kwamba jiko litahesabu kwa rejista ya mahudhurio, na kwamba makusanyo yanahamia Julai. Kiwango cha debe kijadiliwe baada ya hapo, hesabu ikiwa ubaoni.